Mboni Iliyokataa Giza

Watu hawakumfuata Muhidin kwa sababu ya kunyoa. Kunyoa, walisema, hata mtoto wa juzi akipewa mashine ataweza, na mtaani Manyatta, Kisumu, vinyozi hawahesabiki. Walichokifuata kwake ni kile kilichokuja baadaye: taulo la maji moto usoni, mafuta kidogo mabegani, vidole vinene vinavyokanda shingo mpaka mtu anasinzia, kisha kiganja kimoja kinashika kidevu, kingine kisogo, na shingo inazungushwa ghafla ikalia ka! Kulia kwanza, halafu kushoto. Mtu huinuka kitini akicheka, kama aliyebadilishiwa kichwa.

Kazi hiyo aliirithi kwa marehemu baba yake, Mzee Farouk, aliyenyoa watu kwenye baraza la duka moja mjini tangu Kisumu ikiwa mji mdogo. Muhidin mwenyewe alikuwa ameshapita miaka hamsini, mtu mpole, mwenye kitambi cha heshima na kofia isiyomtoka kichwani. Kuzungusha huko walikuita kualisha, naye alikuwa amealisha shingo za walimu, makondakta, mapasta, hata askari. Hakuna aliyewahi kurudi kulalamika.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na duka lake la kunyoa, palikuwa na karakana ya Absalom, fundi wa kuchomelea mageti na madirisha. Walikuwa marafiki tangu shule ya msingi. Absalom alikuwa mrefu, mwenye mdomo wa maneno, na macho ya rangi ya chai isiyo na maziwa, maangavu kuliko ya ndugu zake wote. Mkewe, Adero, hupenda kusema aliolewa kwa sababu ya macho hayo, na kwamba kwa mengine yote alifunga macho yake mwenyewe.

Jumamosi moja Absalom alikuja kunyolewa kama kawaida. Alikuwa amechoka, wiki nzima alikuwa akinyanyua mageti ya nyumba za kupangisha kule Migosi. "Leo nikamue sawasawa," alisema. "Hii shingo imekuwa kama ya punda."

Muhidin akakanda. Akashika kidevu na kisogo. Kulia, ka! Akabadilisha mikono. Kushoto ilikataa mara ya kwanza, shingo ilikuwa ngumu, kwa hiyo akaongeza nguvu. Ikalia.

Absalom hakucheka. Alipeleka mkono chini ya sikio la kushoto akaubana pale, uso umemkunjamana.

"Omera, ndugu yangu," alisema taratibu, "hiyo imeingia ndani sana."

"Itatulia. Kesho utanishukuru."

"Haya." Akatoka akiwa bado ameshika shingo. Muhidin akakung'uta shuka, akamwita mteja aliyefuata.

*

Jumanne alasiri wingu jeusi lilitanda upande wa ziwa, na mvua ikashuka kwa kelele juu ya mabati. Dukani walikuwamo Muhidin na kijana mmoja aitwaye Griffins, dereva wa bodaboda aliyekimbilia humo asilowe. Absalom akaingia akiruka madimbwi, maji yakimchuruzika.

Muhidin aliliona jicho kabla ya salamu. Ukope wa kushoto ulikuwa umelegea na kuziba nusu ya jicho, kama wa mtu aliyeamka upande mmoja tu.

"Umepigana na nani?"

"Na weldi," Absalom akajibu. "Jumatatu nilifanya kazi bila kinyago kidogo tu, ikanipiga. Adero ameniwekea viazi mbichi usiku kucha. Nimeenda kwa duka la dawa, yule kijana amenimulika tochi macho yote mawili, akaniambia mboni zinafunga vizuri, hakuna shida, akanipa matone." Akajitupa kwenye kiti. "Lakini jicho si shida yangu. Shida ni hii shingo. Tangu Jumamosi inauma mpaka nyuma ya jicho, kichwa chote upande huu. Nafikiri haikukaa sawa. Irudishe tena."

Maneno hayo yalimfurahisha Muhidin kidogo, kusema kweli. Fundi hupenda kuambiwa arudie kazi yake imalizike. Akafuta mikono, akasimama nyuma ya kiti, akakishika kidevu cha rafiki yake. Kiganja cha pili kikaenda kisogoni. Akavuta pumzi, tayari kuzungusha.

Stima ikapotea.

Duka likawa kama pango. Mwanga pekee ulikuwa ule wa kijivu uliopita mlangoni katikati ya mvua. Griffins akawasha simu yake, akailaza benchini, mwanga ukagonga dari na kurudi hafifu. Muhidin, mikono ikiwa bado kichwani mwa Absalom, akatazama kwenye kioo ili ajue alipofikia.

Jicho la kulia lilikuwa limefunguka. Mboni yake ilikuwa imetanuka, nyeusi na pana, ikalimeza karibu lote lile duara la rangi ya chai, kama macho ya kiumbe chochote yanavyofanya gizani. Lakini lile la kushoto, chini ya ukope uliolegea, mboni ilikuwa imebaki kidoa. Tundu la sindano. Macho mawili ya mtu mmoja, moja limeona giza, jingine halina habari.

Muhidin akainama karibu na kioo, kisha akamzunguka Absalom akamtazama ana kwa ana.

"Nini?" Absalom akauliza.

"Nitazame."

"Nakutazama. Fanya kazi, bwana."

Mikono ya Muhidin ilikuwa imeshatoka kichwani mwake yenyewe, na vidole vilikuwa baridi. Hakujua maana ya alichokiona. Alijua tu kwamba maumivu yale yalianzia kwenye kiti hiki, chini ya mikono hii, na si kwenye weldi, na kwamba angekuwa amezungusha sasa hivi kama stima isingepotea.

"Leo sikugusi," alisema. "Nenda hospitali."

"Kwa ajili ya shingo?"

"Nenda tu, Absalom. Jicho lako silielewi."

Absalom akasonya, akatoka mvuani. Muhidin akabaki amesimama mbele ya kioo, akijikodolea mwenyewe. Mboni zake zilikuwa sawasawa, zote mbili pana. Griffins alimwuliza kama anaumwa.

*

Jioni ile chakula kilimshinda. Mkewe, Rehma, alimtazama akikoroga mchuzi bila kuula, mpaka akamlazimisha aseme. Akasema yote: Jumamosi, nguvu aliyoongeza, ukope, kioo, mboni.

"Na umemwambia?" Rehma akauliza.

"Nimemwambia aende hospitali."

"Sikukuuliza hilo."

Muhidin akalisukuma kando bakuli la mchuzi. Alikuwa akiwaona ndugu za Absalom mlangoni pake. Alikuwa akiusikia mtaa: Muhidin amemvunja mtu. Alikuwa akijiambia pengine kweli ni weldi. Mafundi wangapi macho yao huvimba wakapona? Kama ni weldi, kwa nini ajitie kitanzi kwa kosa ambalo halipo? Aliswali, akalala chali, na hoja ile ikamzunguka mpaka alfajiri bila kumridhisha.

Asubuhi hakufungua duka. Alivuka barabara moja kwa moja mpaka karakana.

Absalom alikuwa kazini, kinyago kimeinuliwa juu ya kichwa, akimwelekeza mdogo wake Oketch jinsi ya kushikilia bawaba ya geti. Alimwona Muhidin, akainua mkono. "Daktari wa macho amekuja!" alisema, na Oketch akacheka. "Mwambie huyu ashike vizuri hiyo... hiyo... hi..."

Neno halikuja. Absalom alifungua mdomo tena, ukatoka mlio usio na umbo, kama wa mtu anayeongea akiwa na ugali mdomoni. Kishikio cha weldi kikamponyoka mkono wa kulia kikaanguka chini. Aliutazama mkono ule kwa mshangao, kama ni wa mtu mwingine.

"Stima imempiga!" Oketch akapiga kelele, akakimbia kuzima mtambo.

Lakini Muhidin alishamshika begani. Alimkalisha juu ya ndoo ya rangi, akamwita jina lake, akamwita tena. Macho ya Absalom yalikuwa yamemganda usoni, yamejaa hofu, moja wazi, jingine nusu. Kisha, kama stima inavyorudi, uso ukalegea, vidole vikajikunja, na Absalom akasema waziwazi, "Nimesikia, nimesikia. Usiniite kama maiti."

"Simama. Twende."

"Imepita, omera. Niko sawa."

"Absalom, nakuomba kwa jina la Mungu wako na wangu. Simama!"

Hakuwahi kumpigia kelele maishani. Labda ndiyo sababu Absalom alisimama. Oketch akasimamisha tuktuk, wakaingia watatu, na njiani Oketch akampigia simu Adero, aliyekuwa sokoni Kondele.

*

Katika hospitali kubwa ya mjini waliwekwa mbele ya daktari mwanamke, Nasike, mtu mfupi mwenye sauti ya chini isiyo na haraka. Absalom alimweleza habari ya weldi, viazi, matone. Oketch akaongeza habari ya stima kumpiga kaka yake. Daktari alisikiliza bila kuandika neno. Alimulika tochi jicho la kulia, mboni ikajikunja. Akamulika la kushoto, ikajikunja pia.

"Yule kijana wa duka la dawa aliona hivyo hivyo," Absalom akasema.

"Aliona kweli. Mwangani yako sawa."

Kisha akafanya jambo ambalo Muhidin hakulitegemea. Alifunga pazia, akazima taa ya chumba, akashusha tochi mpaka chini ya kidevu cha Absalom ili mwanga upande kidogo tu, akaanza kutazama. Alikaa hivyo muda. Chumba kizima kilizuia pumzi naye. Hata katika nusu giza ile Muhidin aliona: kulia mboni inafunguka, kushoto inajivuta pole pole, inachoka, inabaki nyuma.

Daktari akawasha taa.

"Mboni ikipigwa na mwanga ni lazima ifunge," alisema. "Yako inafunga. Inayoshindikana ni kufunguka gizani, na ukope kuinuka. Hayo mawili yanavutwa na uzi mmoja wa neva. Uzi huo hauji machoni kwa njia ya mkato. Unatoka kwenye ubongo, unashuka mpaka kifuani, halafu unapanda tena shingoni, umejizungushia mshipa mkubwa wa damu unaokwenda kichwani. Kwa hiyo mimi sitazami jicho. Natazama shingo." Akamgeukia Absalom. "Weldi haifanyi hivi. Umepata ajali? Umeanguka? Umebeba kitu kizito shingoni? Mtu amekukaba?"

"Hapana, daktari."

"Hata kidogo? Wiki hii?"

"Kazi yangu ni mageti. Tunabeba kila siku."

"Maumivu ya shingo yalianza ukifanya nini?"

Absalom akasita. Aligeuza macho kidogo, yakakutana na ya Muhidin, kisha akayaondoa. "Sikumbuki vizuri," akasema.

Hapo Muhidin alielewa kwamba Absalom alikuwa akikumbuka vizuri kabisa. Alikuwa amekumbuka tangu Jumamosi. Alikuwa akimfichia.

Adero aliingia wakati huo huo, anahema, leso imemshuka begani. Mlango ukafungwa. Daktari bado alikuwa akingoja jibu.

"Ni mimi," Muhidin akasema.

Wote wakamgeukia.

"Mimi ni kinyozi. Jumamosi nilimwalisha shingo. Nilimzungusha hivi." Akaonyesha hewani. "Upande wa kushoto ulikataa, nikaongeza nguvu. Hapo hapo alilalamika. Jana alinijia nimrudie, na nilikuwa nimeshamshika."

"Ulimrudia?" Sauti ya daktari ilipanda kwa mara ya kwanza.

"Sikumrudia."

"Ushukuru Mungu. Na wewe," akamwambia Absalom, "usigeuze shingo hiyo kwa lolote. Ukiitwa, geuka na mwili mzima."

Oketch alikuwa ameshasimama. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililotisha. "Yaani tangu jana ulikuwa unajua, na ukaenda ukalala?"

Muhidin akaitikia kwa kichwa. Ilikuwa kweli.

"Toka," Oketch akasema. "Toka kabla sijakugusa."

"Atatoka nikimaliza naye," daktari akasema. "Bila yeye ningekuwa natafuta gizani. Kaa chini, kijana."

*

Picha ya mishipa ilipigwa siku ile ile. Muhidin hakuruhusiwa kukaa na familia, Adero mwenyewe alimwambia kwa upole uliouma kuliko tusi: "Shemeji, kaa kule kwanza." Alikaa kwenye benchi ya nje, karibu na bomba la maji, akaswali adhuhuri kwenye majani, akarudi kukaa. Hakuna aliyemletea habari. Hatimaye daktari Nasike mwenyewe, akienda kula, alimwona akasimama.

Ukuta wa ndani wa mshipa wa shingo, upande wa kushoto, ulikuwa umechanika, alimweleza. Damu ilikuwa imejipenyeza katikati ya kuta mbili, mshipa umevimba, ukaubana ule uzi wa jicho. Mbaya zaidi, pale palipochanika damu huganda, na bonge dogo likichomoka hukimbilia kwenye ubongo. Asubuhi ile bonge moja lilikuwa limepita likayeyuka. Lingine huenda lisiyeyuke.

"Atapona?"

"Tumeanza dawa ya kuzuia damu isigande. Tungoje."

Usiku ule bonge la pili lilikuja. Muhidin aliambiwa kesho yake na Griffins, aliyesikia kwa jirani wa Adero: Absalom aliamka mkono wa kulia umekufa, maneno yamempotea. Muhidin akakaa kwenye kiti chake mwenyewe cha wateja, duka limefungwa kwa ndani, akalia kama mtoto. Rehma alikuja akagonga, akafunguliwa, akakaa naye.

Lakini mshipa haukuziba. Dawa ilishika. Siku baada ya siku maneno yalirudi, kwanza majina ya watoto, kisha matusi, na Adero aliposikia tusi la kwanza alicheka wodi nzima ikamgeukia. Mkono ulirudi polepole zaidi. Absalom alitoka hospitali akitembea, na makatazo marefu: asibebe mageti, asiache dawa, asikae kwa kinyozi yeyote mwenye mikono ya kualisha.

Manyatta haikuhitaji kutangaziwa. Wateja wa Muhidin walipungua kama maji ya kiangazi. Wengine walikuja kwa udadisi, wakanyolewa wakimtazama mikono. Na wengine, amini usiamini, walikuja wakamnong'oneza: "Nialishe kidogo tu, Mzee, mimi shingo yangu ni ngumu, haitavunjika." Hao aliwakatalia mpaka wakaudhika. Alikwenda pia kwa vinyozi wenzake, duka kwa duka, kuwaeleza alichoambiwa na daktari. Wawili watatu walimsikiliza. Mmoja alimwambia anataka kuwaharibia biashara kwa sababu yake imeharibika.

Kwa Absalom alikwenda mara nyingi. Mlango ulifunguliwa na Adero, naye alimjibu pale pale kizingitini.

"Hana hasira na wewe," alimwambia siku moja. "Anauliza habari zako kila siku. Mwenye hasira ni mimi. Ulipokuja ukamtoa kazini kwa nguvu, hilo nalijua. Lakini ile jioni moja uliyolala nayo, shemeji, bado naihesabu."

"Ihesabu," Muhidin akasema. "Hata mimi naihesabu."

Miezi ilipita. Siku moja mlango wa duka ukajaa kivuli, na Absalom akaingia, amekonda, akatembea mpaka kitini akakaa bila kukaribishwa. Ukope ulikuwa umeinuka, si wote. Muhidin alimfunga shuka. Alimnyoa kimya kimya, akitumia ncha za vidole kama anayeshika yai, na hakumgusa chini ya masikio.

"Kwa nini ulinificha mbele ya daktari?" aliuliza mwishoni.

"Kwani wewe ungenitaja mimi?"

Muhidin alifikiri. "Sijui."

"Basi." Absalom akavua shuka mwenyewe kwa mkono wa kushoto. "Mama anakutaka nyumbani kijijini, Pap Onditi. Ameambiwa yote. Jumapili."

Muhidin alikwenda, na Rehma alikwenda naye, kwa maana Muhidin alisema peke yake asingefika. Mama Ajwang alikuwa mwanamke mkongwe, mkavu, amekaa kwenye kiti cha mbao mlangoni. Oketch alikuwa ameegemea ukuta, mikono kifuani. Mama hakusalimia sana. Alimwambia Muhidin akae mbele yake, akamwambia aseme yote tangu mwanzo, asiruke kitu, na Absalom akatafsiri kwa Dholuo pale Kiswahili kilipomshinda mama. Muhidin akasema yote. Alipofika kwenye ile jioni, hakuiruka.

Kuku walidonoa uani. Kisha mama akamwita Absalom ainame, akamshika uso, akautazama, jicho moja kisha la pili.

Akaita kuelekea ndani ya nyumba, na Adero akatoka na sinia la ugali na bakuli la kuku.

"Kuku amechinjwa na Mwislamu wa sokoni," mama akasema kwa Kiswahili chake. "Nilimpeleka mimi mwenyewe asubuhi. Kula."

Oketch akajitoa ukutani, akaondoka kuelekea shambani bila kugeuka. Muhidin akamfuata kwa macho, mkono umesita juu ya sinia.

"Huyo atakula baadaye," mama akasema. "Wewe kula sasa."